HESABU YA UMEME: Namna ya Kujua Volti, Ampea, Omu na Wati katika Nyumba na Vinu vya Kisii na Nyamira

Siku hizi msafiri apitaye katika vilima vya Kisii na Nyamira huona nguzo za umeme karibu kila upande, zikipanda na kushuka kati ya migomba na mashamba ya chai. Tangu mwaka 2015, ulipoanza mradi wa serikali ulioitwa Last Mile, nyumba nyingi za mashambani zimeingiziwa umeme. Viwanda vya chai kama vile Kebirigo, Nyansiongo, Ogembo na Nyamache vyautumia kuendesha mota za kukatia majani na feni za kunyaushia. Kule Tabaka mafundi wa mawe laini hutumia mashine za kukata na kung'arisha kazi zao. Katika masoko, vinu vya kusagia mahindi na wimbi havilii tena kwa dizeli peke yake.

Walakini watu wengi watumiao umeme hawajui maana ya tarakimu zilizoandikwa chini ya birika, nyuma ya pasi au katika kibati cha mota. Kutojua huku kuna hasara mbili. Ya kwanza ni hasara ya fedha, kwa maana mota huungua na uniti hupotea bila kazi. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni moto wa nyumba na vifo vya watu. Hasara zote mbili zaweza kupunguzwa sana na mtu ajuaye kuzidisha na kugawanya tu. Hesabu yenyewe si ngumu, na kwa karatasi na kalamu mtu aweza kuimaliza kwa dakika chache.

MANENO MANNE YA KUJUA

Ili kufahamu maneno haya, tufikiri habari za maji ya chemchemi, ambayo kila mtu wa vilimani ayajua. Chemchemi ikiwa juu kilimani na mfereji ukashuka mpaka bondeni, maji huja kwa msukumo mkubwa. Chemchemi ikiwa karibu sawa na bonde, msukumo huwa dhaifu. Msukumo wa umeme ndio upimwao kwa VOLTI. Katika Kenya umeme wa nyumbani ni wa volti 240, na ule wa mota kubwa, uletwao kwa nyaya tatu, ni wa volti 415.

Maji yapitayo katika mfereji kwa kila sekunde yaweza kuwa mengi au machache. Wingi wa umeme upitao katika waya huitwa mkondo, nao hupimwa kwa AMPEA.

Mfereji mwembamba au mrefu huyazuia maji zaidi kuliko mfereji mpana au mfupi. Vivyo hivyo waya huzuia umeme, na uzuizi huo huitwa ukinzani. Hupimwa kwa OMU. Waya mwembamba una omu nyingi kuliko mnene, na waya mrefu una omu nyingi kuliko mfupi.

Neno la nne ni WATI, ambalo hupima nguvu, yaani kasi ya kazi inayofanywa na umeme huo: kuchemsha maji, kuzungusha jiwe la kinu au kutoa mwanga. Wati 1,000 huitwa kilowati moja.

Maneno haya yote ni majina ya watu. Volta alikuwa Mwitalia aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. Ampère alikuwa Mfaransa, naye Watt Mskoti aliyeifanya injini ya mvuke kuwa bora. Ohm alikuwa Mjerumani, mtoto wa fundi wa makufuli, ambaye alikuwa mwalimu wa shule. Alichukua nyaya za urefu mbalimbali, akapima mkondo upitao katika kila mmoja, na mwaka 1827 akatoa kitabu chenye kanuni tutakayoieleza hapa. Wataalamu wengi wa nchi yake hawakuithamini mwanzoni. Lakini mwaka 1841 chama kikuu cha sayansi cha Uingereza kilimpa nishani kwa ajili yake, na mpaka leo hakuna fundi wa umeme awezaye kufanya kazi bila kanuni hiyo.

KANUNI MBILI

Kanuni ya kwanza, ambayo ni ya Ohm, yasema hivi: Volti ni ampea mara omu. Kwa hiyo, mtu ajuapo mambo mawili aweza kulipata la tatu:

Volti = ampea × omu
Ampea = volti ÷ omu
Omu = volti ÷ ampea

Kanuni ya pili ni ya nguvu: Wati ni volti mara ampea. Nayo pia yaweza kugeuzwa:

Wati = volti × ampea
Ampea = wati ÷ volti

Tukiziunganisha kanuni hizi mbili twapata njia nyingine mbili zifaazo sana. Ya kwanza: wati = ampea × ampea × omu. Ya pili: wati = volti × volti ÷ omu. Msomaji na aziandike hizi katika daftari yake, maana mifano yote ifuatayo yatokana nazo.

MFANO WA BIRIKA

Tuseme chini ya birika ya umeme kumeandikwa volti 240, wati 2,400. Twataka kujua mkondo wake na ukinzani wa koili yake.

Ampea ni wati gawanya kwa volti: 2,400 ÷ 240 = ampea 10.
Omu ni volti gawanya kwa ampea: 240 ÷ 10 = omu 24.

Ili kuhakikisha, tutumie njia nyingine: ampea 10 × 10 × omu 24 = wati 2,400. Hesabu yakubaliana.

Sasa tuchukue taa ya zamani yenye uzi wa ndani, ya wati 60. Mkondo wake ni 60 ÷ 240 = ampea 0.25, na ukinzani wake ni 240 ÷ 0.25 = omu 960. Hapa msomaji ataona jambo ambalo huwashangaza wengi: kifaa chenye nguvu nyingi kina omu CHACHE, na kifaa chenye nguvu ndogo kina omu NYINGI. Sababu yake ni kwamba volti ni zilezile 240 kwa vyote viwili, na penye uzuizi mdogo ndipo mkondo mwingi hupita.

Mtu akiipima taa hiyo kwa mita ya fundi ikiwa baridi, hatapata omu 960. Atapata kama sehemu moja ya kumi tu ya hizo. Hii haina maana ya kuwa kanuni ni ya uongo. Uzi wa taa ukipata moto mkali, ukinzani wake huongezeka sana, na hesabu yetu ilikuwa ya taa inayowaka. Taa za siku hizi za LED hazina uzi wa namna hii, zina vyombo vidogo vya kuugeuza umeme. Kwa hiyo ukinzani wake haufai kuhesabiwa kwa njia hii, na lililo muhimu kwa mnunuzi ni wati zake tu.

VOLTI ZIKIPUNGUA HUWA NAMNA GANI?

Wale wakaao mwisho kabisa wa laini, mbali na transfoma, hujua kwamba jioni, saa ya kupika, taa hufifia. Umeme hapo waweza kuwa umeshuka hadi volti 200. Je, birika yetu itafanyaje?

Koili ni ileile, yenye omu kama 24. Mkondo utakuwa 200 ÷ 24 = ampea 8.33. Nguvu itakuwa 200 × 8.33, yaani wati 1,667 hivi. Angalia vizuri: volti zimepungua kwa sehemu moja ya sita, lakini nguvu imepungua karibu sehemu moja ya tatu. Hii ni kwa sababu volti zikishuka, ampea nazo hushuka, na upungufu huo huzidishana. Kwa hiyo chai yakawia kuchemka, lakini birika yenyewe haidhuriki.

Mota haiko hivyo. Mota ya kinu yenye mzigo wa mahindi hujaribu kufanya kazi ileile hata volti zikishuka, na ili iifanye huvuta ampea nyingi zaidi. Ampea hizo huzitia joto koili zake, na joto hutokana na ampea zizidishwazo kwa zenyewe. Ampea zikiongezeka kutoka 10 hadi 13, joto laongezeka kutoka 100 hadi 169, yaani zaidi ya mara moja na nusu. Ndiyo maana mota huungua jioni umeme ulipo dhaifu, na mwenye kinu hudhani ya kuwa aliuziwa mota mbovu. Mwenye mota hana budi kuweka kifaa cha kuizima mkondo uzidipo, na kuacha kusaga taa zinapofifia.

Ni vizuri kuongeza kwamba kwa mota, volti mara ampea haitoi nguvu kamili ya kazi. Katika kibati cha mota huandikwa tarakimu iliyo chini ya moja, aghalabu karibu na 0.8, ambayo yapasa kuzidishwa pia. Mota ya volti 240 na ampea 10 yenye tarakimu 0.8 huchukua 240 × 10 × 0.8 = wati 1,920. Kwa birika, pasi na jiko la koili, tarakimu hiyo ni moja, wala haina haja ya kukumbukwa.

WAYA MREFU WA KWENDA ZIZINI

Sasa tufike kwenye jambo liwagharimulo fedha wafugaji wengi wa Kisii na Nyamira. Mashamba ya huko ni madogo, kwa hiyo ng'ombe wa maziwa hufungiwa zizini na kukatiwa majani. Tuseme mfugaji mmoja amenunua mashine ya kukatia majani yenye mota ya ampea 10. Zizi liko mita 100 kutoka kwenye mita ya umeme nyumbani. Dukani anaambiwa kwamba waya wa 1.5 ni rahisi kwa bei. Tarakimu hiyo ni milimita za mraba, yaani unene wa shaba ya ndani. Je, anunue?

Waya huo wa shaba una ukinzani wa omu 0.0121 kwa kila mita moja. Umeme hauna budi kwenda na kurudi, hivyo njia yake ni mita 200 wala si 100. Hapo ndipo wengi hukosea. Ukinzani wote ni 200 × 0.0121 = omu 2.42.

Volti zinazopotelea njiani ni ampea 10 × omu 2.42 = volti 24.2. Zizini zitafika volti 216 hivi, hata kama nyumbani zilikuwa 240 kamili. Nguvu inayogeuka kuwa joto katika waya ni 10 × 10 × 2.42 = wati 242. Mfugaji atazilipia wati hizo kila saa mashine inapofanya kazi, ingawa hazikati hata jani moja.

Jambo baya zaidi ni wakati wa kuwasha. Mota ianzapo kuzunguka hutaka mkondo ulio mara nyingi kuliko wa kawaida; tuseme mara tano, yaani ampea 50. Kwa waya huu, ampea 50 zingepoteza 50 × 2.42 = volti 121, yaani nusu ya umeme wote! Mota itanguruma tu bila kuzunguka, na ikiachwa hivyo itaungua.

Tulinganishe na nyaya zilizo nene zaidi, kwa mita zilezile 200 na ampea zilezile 10:

Waya wa 1.5: omu 2.42; zapotea volti 24.2, joto wati 242.
Waya wa 4: omu 0.92, zapotea volti 9.2, joto wati 92.
Waya wa 6: omu 0.62, zapotea volti 6.2, joto wati 62.

Kwa waya wa 6, hata wakati wa kuwasha zitapotea kama volti 31 tu, na mota itaanza kazi bila taabu. Ni kweli kwamba waya mnene una bei kubwa. Lakini mwenye waya mwembamba hulipa mara tatu: hulipia waya, hulipia joto lipoteleayo njiani, na mwisho hulipia mota nyingine. Rahisi ni ghali. Njia nyingine ya busara ni kuiweka mashine karibu na nyumba na kuyachukua majani yaliyokwisha kukatwa kuyapeleka zizini kwa toroli. Toroli haina omu.

KWA NINI UMEME MKUBWA HUSAFIRISHWA KWA VOLTI NYINGI

Hesabu hiyohiyo ya waya wa zizini ndiyo waliyoifanya wahandisi walipojenga njia kuu za umeme. Karibu na mipaka ya Nyamira hupita mto Sondu, ambao maji yake huendesha mitambo ya Sondu Miriu, yenye nguvu ya megawati 60, yaani wati 60,000,000. Chini yake uko mtambo wa Sang'oro wa megawati 21, uliokamilika mwaka 2012, ambao huyatumia tena maji yaleyale yatokayo Sondu Miriu. Mto Gucha nao, ambao Wajaluo huuita Kuja, hutoka katika nyanda za juu za Gusii na kwenda mpaka ziwa Victoria. Katika maporomoko ya Gogo, upande wa Migori, umetoa umeme wa megawati 2 tangu miaka ya 1950, mtambo ulipojengwa kwa ajili ya machimbo ya Macalder.

Tuseme nguvu yote ya Sondu Miriu ingepelekwa kwa volti 240. Mkondo wake ungekuwa 60,000,000 ÷ 240 = ampea 250,000. Hakuna waya duniani ambao watu wangeweza kuutundika juu ya nguzo ukachukua mkondo huo. Lakini ikipelekwa kwa volti 132,000, kama ifanyikavyo katika njia kuu nyingi za Kenya, mkondo ni kama ampea 455 tu. (Kwa kweli nyaya ni tatu na mkondo wa kila mmoja ni mdogo zaidi ya huo, lakini maana ya hesabu haibadiliki.) Volti zimezidishwa mara 550, ampea zimepungua mara 550, na joto lipoteleayo katika waya uleule limepungua 550 × 550, yaani zaidi ya mara 300,000.

Hii ndiyo kazi ya transfoma tuzionazo juu ya nguzo. Huuchukua umeme wa volti nyingi na ampea chache na kuugeuza kuwa wa volti chache na ampea nyingi, ili uweze kuingia nyumbani. Kutoka hapo kwenye transfoma ndipo hasara ya waya huanza kuwa kubwa, na ndiyo sababu mtu aliye mbali nayo hupata umeme dhaifu kuliko jirani yake.

FYUZI, SOKETI NA VIUNGO VILIVYOLEGEA

Soketi ya matundu matatu itumikayo Kenya imewekewa mpaka wa ampea 13. Kwa hiyo nguvu iwezayo kutoka katika soketi moja ni 240 × 13 = wati 3,120 basi. Sasa tuseme mtu ametia waya wa kuongezea wenye matundu manne, akachomeka birika ya wati 2,400, pasi ya wati 1,200 na jiko dogo la wati 1,500 kwa pamoja. Jumla ni wati 5,100, na mkondo ni 5,100 ÷ 240 = ampea 21.25. Fyuzi ya plagi ikiwa nzima itakatika, na itakuwa imeiokoa nyumba. Lakini mtu akiiondoa fyuzi na kutia msumari au kipande cha waya mahali pake, mkondo utaendelea kupita, na waya wenyewe ndio utakaogeuka kuwa fyuzi. Utayeyuka ukutani au darini, pasipoonekana.

Kiungo kilicholegea ni adui mwingine. Tuseme waya umesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa karatasi ya nailoni, na pale penye kiungo pana ukinzani wa omu 0.5 tu. Birika ya ampea 10 ikiwashwa, joto la pale ni 10 × 10 × 0.5 = wati 50. Wati 50 zilizoenea chumbani si kitu. Lakini zikiwa zimekusanyika katika mahali padogo kama ncha ya kidole, zatosha kuchoma nailoni na ubao mkavu wa dari. Soketi inayopata moto, inayonusa harufu ya kuungua au iliyogeuka rangi izimwe mara moja na kutengenezwa.

MWILI WA MTU NA ARDHI ILIYOLOWA

Nchi ya Gusii hupata mvua karibu mwaka mzima. Hili ni baraka kwa mkulima, lakini kwa habari ya umeme yapasa kufikiriwa sana. Mwili wa mtu nao una ukinzani. Ngozi kavu na viatu vikavu vyaweza kuwa na omu maelfu mengi. Lakini mikono ikilowa na miguu ikiwa mitupu juu ya ardhi ya matope, ukinzani waweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Mtu huyo akishika waya ulio wazi, mkondo utakaopita mwilini mwake ni 240 ÷ 1,000 = ampea 0.24.

Ampea 0.24 ni chini ya mkondo wa ile taa ya wati 60. Walakini mkondo wa ampea 0.03 tu waweza kukaza misuli hata mtu asiweze kuuachia waya, na ampea 0.1 ikipita kifuani yaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Msomaji aona basi kwamba umeme uwashao taa moja hafifu watosha kumwua mtu zaidi ya mara mbili.

Wengine hudhani ya kuwa fyuzi itawaokoa. Haiwezi. Fyuzi ya ampea 13 haitambui ampea 0.24. Hata waya wa ardhini peke yake hautoshi. Tuseme chuma cha ardhini nyumbani kina ukinzani wa omu 10 na udongo. Mota ikiharibika na umeme kuingia katika mwili wake wa chuma, mkondo wa kwenda ardhini utakuwa 240 ÷ 10 = ampea 24. Fyuzi kubwa ya ampea 30 haitakatika, na chuma cha mota kitaendelea kuwa na umeme wa kuua. Kwa sababu hii mafundi hodari huweka katika sanduku la swichi kifaa kinachopima umeme uendao na umeme urudio. Ukitofautiana kwa ampea 0.03 tu, hukata wote kwa haraka sana, chini ya nusu ya sekunde. Kifaa hicho kina kitufe cha kujaribia. Yafaa kibonyezwe kila baada ya miezi michache.

Mtu akinaswa na umeme, asiguswe kwa mkono. Kwanza izimwe swichi kuu. Isipowezekana, asukumwe mbali na waya kwa ubao mkavu au mpini mkavu wa mbao, mwenye kusukuma akisimama juu ya kitu kikavu. Waya wa nguzo ukianguka, watu wakae mbali na wapige simu kwa Kenya Power. Hapo ubao haufai kitu, maana umeme waweza kuwa wa maelfu ya volti.

Kadhalika eneo la ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi mno, na vilima vya Gusii vimo. Fyuzi haizuii radi. Ngurumo zikikaribia, plagi za televisheni na vyombo vingine zichomolewe.

UNITI NA FEDHA

Uniti moja ya umeme, ile tuinunuayo kwa tokeni, ni kilowati moja itumiwayo kwa saa moja. Kuijua, zidisha wati kwa saa, kisha gawanya kwa 1,000.

Taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 4 kila usiku kwa siku 30: 60 × 4 × 30 ÷ 1,000 = uniti 7.2. Taa ya LED ya wati 9 kwa muda uleule: 9 × 4 × 30 ÷ 1,000 = uniti 1.08. Bei ya uniti hubadilika mara kwa mara, lakini kwa mfano tu tuseme ni Shs. 25. Taa ya kwanza yala Shs. 180 kwa mwezi, na ya pili Shs. 27. Nyumba yenye taa tano yaweza kujihesabia yenyewe.

Birika ya wati 2,400 ikichemsha kwa dakika 4 hutumia 2.4 × 4 ÷ 60 = uniti 0.16. Si nyingi, maadamu mtu ametia maji ayatakayo tu. Na wenyeji wa Kisii wana faida kidogo: kwa kuwa mji uko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa digrii 94 au 95, kabla ya kufika 100.

MASWALI YA KUJARIBU

1. Pasi ina wati 1,200 kwa volti 240. Ina ampea ngapi na omu ngapi?

2. Kipasha maji cha bafuni kina wati 5,400. Je, chaweza kuchomekwa katika soketi ya ampea 13?

3. Kinu chenye mota ya ampea 12 kiko mita 60 kutoka mita ya umeme. Waya ni wa 2.5, wenye omu 0.0074 kwa kila mita. Zapotea volti ngapi, na joto ni wati ngapi?

Majibu: (1) Ampea 5, omu 48. (2) La, hakiwezi; 5,400 ÷ 240 = ampea 22.5. Chataka waya wake mnene na swichi yake yenyewe kutoka katika sanduku kuu. (3) Njia ni mita 120, omu 0.888, zapotea volti 10.7 hivi, na joto ni wati 128 hivi.

Aliyepata majibu matatu ameweza kazi iliyo ya lazima. Kuhesabu huku hakumfanyi mtu kuwa fundi, wala hakumpi ruhusa ya kufungua sanduku la swichi. Kwa sheria ya Kenya kazi ya kutia nyaya ni ya fundi mwenye leseni itolewayo na mamlaka ya EPRA, na mwenye nyumba ana haki ya kuiomba leseni hiyo aione kabla ya kazi kuanza. Lakini fundi akifika, mwulize: mota hii ni ya ampea ngapi, waya huu una omu ngapi kwenda na kurudi, na volti ngapi zitafika mwisho wake? Fundi wa kweli atafurahi kujibu. Asiyeweza kujibu, afadhali umlipe nauli ya kurudi kwake kuliko kumkabidhi nyumba yako.